Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti: wimbo ni wa mgonjwa, si wetu

Assalaam aleikum wazee wetu, mama zetu, na nyinyi vijana ambao mkutano ukiitwa saa kumi mwaja saa kumi na moja. Hii ndo taarifa ya mwaka ya kikundi chetu cha kuimbia wagonjwa hospitalini, nimeandika vile naongea manake katibu alitaka niandike kiofisi nikashindwa.

Nianze na kosa letu, bora niliseme mimi kuliko mlisikie barazani. Mwanzo wa mwaka tuliingia wodi ya wanaume na matari na zumari tukidhani twaleta furaha, na wallahi tulipiga vizuri, lakini kulikuwa na mzee kitanda cha pembeni kichwa chamuuma, hawezi kunyanyuka wala kutuambia basi, akajifunika shuka gubigubi mpaka tukamaliza. Hakuna aliyemuuliza. Sista mmoja akanivuta kando akaniambia kwa upole, mwenyekiti, mgonjwa hana mlango wa kutokea. Neno hilo nimelala nalo siku nyingi, na yote tuliyobadilisha mwaka huu yametoka hapo.

Sasa twenda wawili wawili, mikono mitupu. Tunasalimia, tunauliza kama anataka kuimbiwa na anataka nini, na akisema leo sitaki, basi shukran, twamtakia afueni twasonga. Wengine wanataka kaswida, wageni wetu kutoka miji ya Hindi na Mpeketoni, hapa Lamu, wanataka nyimbo za kanisani na tumejifunza chache, mama mmoja alitaka vugo la harusi yake akacheka mpaka akakohoa, na kuna kijana wa boda mguu umefungwa plasta akasema yeye ni bongo fleva tu, bwana wetu wa zumari nusura ajiuzulu siku hiyo.

Ile siku ambayo sitaisahau ni ya mama aliyepooza upande wa kulia, maneno yamekatika kabisa, anajua anachotaka kusema lakini hakitoki. Binti yake akaanza kaswida ya maulidi polepole, na mama akaingia nae, beti nzima, maneno yametimia. Binti akapiga kelele mama amepona! Hakuwa amepona, na ilibidi tumwambie ukweli. Vile nilivyoelezwa na kusoma ni kwamba kwa watu wengi kazi ya kuongea iko sana upande wa kushoto wa ubongo, upande huo ukiumia maneno yanakwama, lakini kuimba kunatumia pande zote mbili kwa hiyo wimbo waweza kubaki hata kama maongezi yameenda. Kule Boston, Marekani, madaktari walitoa njia yao mwaka 1973, mgonjwa anaimba sentensi fupi kama "nataka maji" huku anagongagonga kwa mkono wa kushoto, kisha wimbo unapunguzwa kidogo kidogo mpaka yabaki maneno. Ni kazi ya wiki nyingi na mtaalamu, si ya jumamosi moja na sisi. Ila yule binti sasa anajua mama yake yumo humo ndani, na hilo si dogo.

Ndo maana nimekataa tusijiite matabibu wa muziki. Hiyo ni kazi ya kusomewa, Marekani chuo cha Michigan State kilianza kufundisha digrii yake mwaka 1944, mtu anajifunza ubongo, saikolojia, ala, na anafanya mazoezi ya hospitali kabla hajaachiwa mgonjwa. Sisi ni waimbaji wa kujitolea. Hata kupiga mdundo kwa mgonjwa anayejifunza kutembea, jambo ambalo linasaidia kweli manake mguu unafuata mshindo, tunafanya pale tu mtaalamu wa fizio, yaani wa mazoezi ya viungo, akiwepo, asije mtu akaanguka sababu mpigaji amekolea.

Kwa wodi ya wazazi tumefanya kidogo ila nataka tuendelee. Kuna utafiti wa 2013, watoto 272 waliozaliwa kabla ya wakati katika hospitali 11 za Marekani, ambapo nyimbo laini walizochagua wazazi wenyewe ziliwasaidia watoto kutulia na wasiwasi wa wazazi ukapungua. Kwa hiyo kina mama wetu hawaendi kule kuimba, wanaenda kumkumbusha mzazi ile bembelezi ya bibi yake, aimbe mwenyewe.

Wapo waliouliza kama muziki hospitalini ni mambo ya wazungu. Sultani Bayezid wa pili alijenga hospitali Edirne, Uturuki, ikamalizika 1488, na msafiri Evliya Çelebi aliyefika karne ya 17 ameandika kwamba wapigaji walikuwa wakija kuwapigia wagonjwa mara tatu kwa wiki. Anayeona ala hazimfai naheshimu, sauti ya mtu yatosha, na kwa kweli ndiyo tunayoitumia zaidi.

Matari nayo yamejipeleka nyumbani yenyewe. Tuliambiwa kila kitu kinachoingia wodini kipanguswe kwa spiriti, tukapangusa, ngozi ya mbuzi ikalegea tari likalia kama ndoo. Ngozi haisafishiki vile wanavyotaka, na mimi siko tayari kubeba vijidudu kitanda hadi kitanda kwa sababu ya madoido.

Hesabu atasoma mweka hazina. Pesa nyingi zimeenda kwa mafuta ya boti ya Mokowe, ada wengi hamjalipa na mwajijua. Wauguzi wa zamu ya jumamosi shukran sana, wametuvumilia.

Kuhusu zile tisheti zilizochapishwa "Matabibu wa Muziki" bila kuniuliza, haziingii wodini. Ziko kwangu kwenye gunia, anayetaka za kupigia deki aje achukue baada ya alasiri.