Kilichowezekana Juni kilishindikana nini Januari?

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na viongozi wa klabu yangu ya Yanga, na Feisal Salum 'Fei Toto' pia, kiungo wetu aliyetaka kuvunja mkataba aondoke, pamoja na wanaomshauri. Wote wameshamaliza mambo yao na hakuna aliyetugeukia sisi mashabiki hata kwa neno la pole.

Alhamisi, Juni 8, 2023, Azam wamemtangaza Fei Toto kuwa mchezaji wao. Siku tatu kabla ya hapo Rais Samia aliwaalika Yanga Ikulu kwa chakula cha usiku, akamwambia rais wa klabu yetu, Injinia Hersi Said, kwamba hafurahi kusikia klabu kubwa inagombana na kijana, wakalimalize. Likamalizwa. Siku tatu! Jambo lililotushinda tangu Desemba, likaenda kwenye Kamati ya Sheria na Hadhi za Wachezaji ya shirikisho la soka, TFF, likaombewa marejeo, likarudi tena kamati, hadi kijana akaanza kuomba michango ya kwenda CAS, mahakama ya kimataifa ya michezo. Basi nauliza: kilichowezekana Juni kilishindikana nini Januari, dirisha dogo la usajili likiwa wazi?

Mimi ni karani wa mizigo hapa Malindi, Unguja, na kazi zangu zote nimezifanya kwa mkataba. Saini ni saini. Mkataba wa Feisal ulikuwa unafika Mei 2024, na kanuni za FIFA haziruhusu upande mmoja kuuvunja msimu ukiwa unaendelea. Alipotuaga mtandaoni mwezi wa Desemba, tukiwa tunaongoza ligi, akaingiza shilingi milioni 112 kwenye akaunti ya klabu na kuhesabu kuwa yamekwisha, alikosea. Kamati iliposema bado ni mchezaji wa Yanga sikushangaa. Nayasema haya nikijua ni kijana wetu, katoka klabu ya JKU hapa hapa, na barzani kwetu anayesema hivyo anaonekana kamuuza mtoto wa nyumbani.

Lakini itazameni hiyo milioni 112. Mia moja ni ya kuvunjia mkataba, kumi na mbili ni mishahara ya miezi mitatu. Maana yake ni milioni nne kwa mwezi, kwa kiungo ambaye uwanja mzima ulikuwa ukisimama akipata mpira mbele ya boksi. Msimu huu huu zawadi ya Rais kwa goli moja la mechi za Afrika ilianza na milioni tano, ikapanda. Kiongozi anayejua thamani ya mchezaji wake alitakiwa amwite mapema, kabla hajaitwa na wengine, waweke mezani mshahara mpya. Klabu ikarudisha zile fedha, ikashikilia kwamba mkataba ni mkataba. Sawa. Ila mkataba unamlazimisha mtu asichezee kwingine. Haumlazimishi akuchezee kwa moyo, na kweli hakucheza. Nusu msimu mzima mguu ule umekaa bure, Yanga hawaupati, yeye haupati, na sisi tuliolipa ada za uanachama hatuupati.

Kuna lililoniuma kuliko yote. Mama yake aliposimulia habari za mwanawe kula ugali na sukari, watu wazima wa klabu yangu walimfanya kichekesho. Mzazi wa mchezaji aliyetufungia magoli miaka minne! Kwetu huku mama wa mwenzio ni mama yako. Kama alikuwa na uchungu, jibu lilikuwa kumwendea nyumbani na wazee wawili watatu, si kumtungia vijembe.

Mei 28 nilivuka na boti kwenda Dar kuiona mechi ya kwanza ya fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika na USM Alger ya Algeria, uwanja wa Mkapa. Mshambuliaji wetu Mayele akasawazisha dakika za mwisho, na hatujamaliza kukumbatiana wakatufunga la pili. Kule Algiers tukashinda 1-0 kwa penalti ya Djuma Shabani, jumla 2-2, kombe likaondoka kwa sheria ya goli la ugenini. Sisemi Feisal angetupa kombe. Waliocheza walijitoa mpaka tone la mwisho na nawashukuru. Nasema tulifika fainali ya Afrika, tukaikosa kwa goli moja, na mpigaji wetu bora wa mashuti ya mbali yuko nje kwa sababu watu wazima wamekataa kukaa chumba kimoja.

Na kaenda wapi? Azam. Jumatatu tunacheza nao fainali ya Kombe la FA, Mkwakwani, Tanga. Tumemzuia miezi sita asiondoke, kisha tumemkabidhi kwa wapinzani wetu wiki ya fainali, na kiasi walicholipa sijakiona kikitajwa popote. Sisi wanachama tuna haki ya kuambiwa kwenye mkutano mkuu: zile milioni 112 mlizozikataa, mmepata zaidi au pungufu?

Tena msisubiri. Mayele kamaliza Kombe la Shirikisho Afrika akiwa mfungaji bora, magoli saba, na vilabu vya kaskazini vina macho na vina fedha. Mwiteni wiki hii. Mpeni anachostahili, au kama hamkiwezi muuzeni sasa, msimu haujaanza, kwa bei ambayo sisi wanachama tutaisikia.

Mwanachama wa Yanga,
Malindi, Unguja,
Juni 10, 2023