Barua ya wazi kwa wanangu mliofika Ufaransa mwaka huu

Wanangu,

Nawaandikia kutoka Lyon, mwisho wa Novemba. Ni saa kumi na moja na robo jioni na taa za barabarani zimeshawaka. Wengi wenu nimewaona tangu Septemba, kwenye maduka ya mtaa wa Guillotière mkitafuta mihogo na ndizi za kupika, kwenye tramu mmejikunyata ndani ya makoti ya kuazima. Mmoja alinipa shikamoo mbele za watu, nikafurahi hata nikapitiliza kituo changu. Mimi nimetoka Tanga, na nchi hii nina miaka 27. Nisipowaambia mimi, sijui nani atawaambia.

Lalamiko lenu la kwanza nalijua: watu wa huku wakavu, hawana utu. Kijana mmoja aliniambia kaingia duka la mikate kauliza bei, muuzaji kamkodolea macho kisha kamjibu kwa mkato. Nikamuuliza, ulimwambia bonjour? Akasema, "Shangazi, nilikuwa na haraka." Basi huyo aliingia nyumba ya watu bila hodi. Kwetu unaweza kuingia ua wa jirani ukaanza na "chumvi mnayo?" kabla hujasalimia? Salamu ya huku ni fupi, haiulizi watoto wala habari za nyumbani, lakini ukiiacha umemwona mwenzio kama gogo. Mpeni dereva wa basi, mpeni mlinzi mlangoni, wapeni hata wagonjwa msiowajua mkiingia chumba cha kusubiri cha daktari. Ngojeni ijibiwe, ndipo mseme shida yenu. Na mtu mzima msiyemjua mwiteni vous, ile "wewe" yao ya heshima. Hilo hamhitaji kufundishwa sana, nyie mmelelewa kwa shikamoo.

Wala ufupi huo usiwafanye mkadhani hawajali. Jirani yangu wa ghorofa ya tatu, bibi wa Kifaransa, alinipa bonjour moja tu kila asubuhi kwa miaka miwili bila kuongeza la pili. Siku nilipoteleza kwenye ngazi nikavunjika mguu, yeye ndiye aliyepiga 15, namba ya dharura ya wagonjwa, akakaa nami pale chini kwenye saruji baridi, viatu vyangu kavipakata, mpaka gari la wagonjwa likafika.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu, nalo ni bahasha.

Nilipopata chumba changu cha kwanza, sikuandika jina kwenye sanduku la barua kule chini mlangoni. Sikujua. Kwetu mtu akikutafuta anauliza kwa muuza genge, "kwa mama fulani ni wapi?" na mtoto anatumwa amsindikize. Huku mpeleka barua asipoliona jina lako, barua inarudi ilikotoka. Niliambiwa baada ya miezi miwili, nikabandika jina, barua zikaanza kuja, nami nikaziogopa. Kifaransa changu kilikuwa cha sokoni. Zile bahasha zenye kidirisha nilikuwa nazipanga juu ya friji, nasema nitampata mtu wa kunisomea.

Wakati huo nilikuwa nasafisha ofisi alfajiri. Nikaugua homa wiki nzima. Daktari aliniandikia cheti cha mapumziko, nami nikakitia mkobani nikionyeshe nikirudi kazini, kama tulivyozoea nyumbani. Kumbe cheti hicho hutakiwa kupelekwa ndani ya saa 48. Mwajiri akahesabu nimetoroka kazi. Akaniandikia barua ya rejista, ile unayosaini ukiipokea, aniite kikaoni nijieleze kabla hajaniachisha. Posta wakaniachia kikaratasi cha kwenda kuichukua, nami nikakiweka juu ya friji pamoja na vingine. Barua ya namna hiyo posta huitunza siku 15. Mimi nilikwenda siku ya 19. Kikao kilishapita na kazi ilishakwenda, huku cheti cha daktari kingali mkobani, kimekunjwa mara nne.

Nililia sana, wanangu. Na mpaka leo nikimwona mtoto wa kwetu ana rundo la bahasha zisizofunguliwa, tumbo linanikata.

Kwa hiyo jina lako liwe kwenye sanduku siku ileile unayopewa ufunguo. Barua ifunguliwe leo, hata usipoielewa, maana tarehe na tarakimu utazisoma. Visa yako ya kukaa muda mrefu, kama ni ile inayosimama badala ya kibali cha ukaazi, ithibitishe mtandaoni kabla miezi 3 haijaisha tangu uingie. Karatasi za mshahara usitupe hata moja mpaka ustaafu. Nunua faili, haligharimu kitu. Mliokuja kusoma, saa zenu za kazi ni 964 kwa mwaka, msizipite kwa tamaa ya pesa ya Krismasi.

Na sheria hii inayotutisha kwa karatasi inatulinda pia. Kazi ya muda wote ni saa 35 kwa wiki, kinachozidi kinalipwa kwa nyongeza. Mwajiri akikudhulumu mshahara una miaka 3 ya kumdai, na pale conseil de prud'hommes, mahakama ya migogoro ya kazi, unaweza kuanza kesi bila wakili. Lakini watakuuliza una nini mkononi. Ndiyo maana siwapendi kabisa hawa wanaowakodisha vijana akaunti zao za kupeleka vyakula kwa baiskeli. Unapanda vilima vya Croix-Rousse usiku kwa jina la mtu mwingine, fungu lake anakata yeye, na ukigongwa na gari huna karatasi hata moja inayosema ulikuwa kazini.

Nyumbani nako semeni kweli. Mama akiona picha yako umesimama mbele ya Mnara wa Eiffel anadhani umefika. Mwambie kodi ni kiasi gani. Mwambie mwezi huu hakuna, ataelewa kuliko unavyofikiri. Giza hili likikuelemea usijifungie: toka nje saa sita mchana hata nusu saa. Juni itafika, na utaona mwanga wa jioni karibu na saa nne usiku.

Wa Lyon mnapajua kwangu, na asiyepajua amuulize mwenzake. Jumapili baada ya chakula cha mchana nipo, chai ya tangawizi ipo. Njooni na bahasha zenu, hata za tangu Septemba. Tutazifungua moja moja hapo mezani.

Shangazi yenu