Risala ya Klabu ya Historia kwa Mgeni Rasmi: Igizo Dhima la Udikteta

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, walimu wetu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Sisi wanachama wa Klabu ya Historia tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu. Kwa heshima tunaomba tukueleze zoezi moja tu kati ya yale tuliyoyafanya mwaka huu, kwa kuwa ndilo lililotugusa na, tuseme kweli, ndilo lililotugombanisha.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tulikuwa tumejifunza kwamba Adolf Hitler aliteuliwa kuwa Kansela, yaani mkuu wa serikali, wa Ujerumani tarehe 30 Januari 1933, na kwamba tarehe 23 Machi mwaka huohuo bunge lilipitisha, kwa kura 444 dhidi ya 94, sheria iliyoiruhusu serikali yake kutunga sheria bila bunge. Tarehe hizo tulizikariri na mtihani tukaufaulu. Kilichotushinda ni kuelewa jinsi wabunge, hata kama wenzao wa Kikomunisti walikuwa wamekamatwa au wamekimbia na wanamgambo wa Nazi, chama cha Hitler, wamejaa ukumbini, walivyokubali kujivua mamlaka yao wenyewe. Baadhi yetu tulihitimisha kwamba watu wa wakati ule walikuwa wajinga.

Mwalimu hakubishana nasi. Alitutangazia igizo dhima la vipindi vitatu, akatuuliza kama tuko radhi awe Kiongozi mwenye kauli ya mwisho ili kelele za darasani zipungue. Tulipiga kura kwa kunyoosha mikono, na waliokataa walikuwa wanne tu. Kipindi cha kwanza kilipendeza mno: darasa lilitulia, kazi ikaenda, nasi tukajivunia utulivu wetu. Kipindi cha pili wanafunzi kumi walifungwa utepe wa kijani mkononi, wakaitwa walinzi wa utaratibu, wakaruhusiwa kukaa mbele na kutoka wa kwanza. Wale wanne walihamishiwa nyuma, na hakuna aliyeuliza sababu.

Daftari ndilo lililotuumbua. Mwalimu aliliweka mezani bila kutoa agizo lolote, akasema tu kwamba anayetaka kuandika jambo aandike. Kufikia kipindi cha tatu kurasa mbili zilikuwa zimejaa. Mmoja aliandikwa kwa kuwa "amecheka Kiongozi akiongea", na mwingine kwa kumwazima kalamu mmoja wa wale wanne. Aliyemwandika huyo wa pili ni jirani yake wa dawati. Mwalimu alipoyasoma hayo kwa sauti, akiruka majina, waliovaa utepe walianza kuufungua wenyewe.

Hapo ndipo tulipokosea, na hatupendi kulificha. Kengele ililia kabla hatujazungumza, tukatoka na hasira zetu, na marafiki wawili hawakusalimiana kwa siku kadhaa. Tulipofuatilia tuligundua kwamba hatukuwa wa kwanza: mwaka 1967, mwalimu Ron Jones wa Palo Alto, California, alifanya jaribio la namna hii na wanafunzi wa sekondari. Kwa siku tano tu, wanafunzi wasio wa darasa lake walijiunga na wengine wakaanza kuchongeana, naye akalazimika kulisitisha. Tofauti ni kwamba wanafunzi wake walifikia kuambiwa kuwa hilo si zoezi tu, bali ni vuguvugu halisi la nchi nzima. Sisi tulijua tangu mwanzo kuwa ni igizo, na bado tuliandika majina.

Kwa sababu hiyo, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, hatuombi zoezi hili lifutwe, ingawa wapo waliotushauri hivyo. Tunaomba utusaidie kuushawishi uongozi litengewe vipindi viwili mfululizo, ili muda wa kulijadili usipungue muda wa kuliigiza. Tunaomba pia wazazi wapewe taarifa mapema, mwalimu wa ushauri nasaha awepo, na mwanafunzi aruhusiwe kujitoa wakati wowote bila kuulizwa. Mauaji na mateso yasiigizwe kamwe. Hayo yasomwe kutoka kwa walioyashuhudia, kwani mtoto akiyaigiza huishia kucheka au kuumia.

Daftari lenyewe tumekuja nalo. Majina yote tumeyafuta kwa wino, makosa yaliyoandikwa tumeyaacha kama yalivyo. Kwa unyenyekevu tunaomba ulipokee na ulisome ukipata nafasi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, naomba kuwasilisha.

Katibu, kwa niaba ya wanachama wa Klabu ya Historia