Mangi, hiyo .40 iache kwanza

Mangi, mambo vipi, shemeji na watoto hawajambo? Huku Arusha baridi la mwezi wa saba limekaza, mlima Meru umejifunika mawingu siku nzima, ila tuko fresh. Bi mkubwa nilimpitia Kibosho nikitoka Moshi mjini, yuko vizuri, anasema umpigie simu umsikie sauti, meseji hazimtoshi.

Sasa ishu ya bastola. Nimeisoma meseji yako yote na picha nimeziona. Una .22 ya mazoezi, una 9mm, una ile rivolva ya .38 Special, na sasa hapo Houston kuna mtu anakuuzia .40 iliyokuwa ya polisi kwa bei ya kutupa, unaniuliza uongeze kaliba (saizi ya risasi) ya nne au uache. Mi nasema iache. Na usidhani nasema hivyo kwa sababu huku kwetu bastola moja tu mtu anaizungukia kuanzia serikali ya mtaa mpaka polisi, hiyo ni sheria yetu ya silaha ya 2015, we huko Texas una utaratibu wenu. Ninachokiangalia mimi ni risasi.

Jiulize kwanza kwanini ni bei chee. Mwaka 1986 kule Miami maajenti wa FBI walipambana na majambazi wawili, maajenti wawili wakafa pale pale, na lawama ikaangukia risasi ya 9mm kwamba haikuzama ndani vya kutosha. Wakahamia 10mm yenye nguvu zaidi, teke lake (bastola inavyorudi nyuma ukifyatua) likawashinda wengi, wakaipunguza nguvu, sasa baruti imepungua, ganda (kikopo cha risasi kinachobeba baruti) limebaki na nafasi tupu ndani, ndo Smith & Wesson na Winchester wakalifupisha, 1990 ikatoka .40 S&W inayoingia kwenye bastola ya umbo la 9mm. Polisi wengi Marekani wakaichukua. Baadaye watengenezaji wakaziboresha risasi za 9mm zikawa zinazama kina kinachotakiwa, FBI wenyewe wakarudi kwenye 9mm katikati ya miaka ya 2010 na vituo vingi vikawafuata, zile .40 zikarudi madukani kwa mafungu. Hiyo unayouziwa ni moja wapo. Bastola yenyewe inaweza kuwa nzima kabisa, ila waliokuwa wanaibeba kila siku waliona haiwapi kitu cha maana kuzidi 9mm, na wewe tayari 9mm unayo!

Alafu kuna teke. Kichwa cha risasi ya 9mm kina kama gramu 8, cha .40 kinaenda gramu 11 na zaidi, na bastola inayobeba ni ya umbo lile lile. Shemeji ndo kwanza ameanza kupenda renji (uwanja wa kulenga shabaha), umeniambia mwenyewe anaanza kukaa vizuri kwenye shabaha, ukimpa hiyo atarudi kufumba macho kabla ya kuvuta.

Unajua kazi yangu, mi nashinda na wawindaji. Kwa nyati hatushuki chini ya .375, na kwenye kambi tunajitahidi bunduki kubwa zote ziwe .375 H&H, kaliba ya 1912 hiyo, kwa sababu risasi za huyu zinamfaa yule, bunduki moja ikigoma hakuna anayekaa kambini. Kuna mgeni alikuja na bunduki nzuri sana, mbao yake inang'aa, kaliba yake ya pekee, mzigo wa risasi ukabaki njiani kwenye kuunganisha ndege, tukazunguka mji mzima hakuna hata moja, safari yote akawinda na bunduki ya kampuni na ile yake imelala kwenye boksi. Tangu hapo mtu akiniambia kaliba mpya mi naona mdomo mwingine wa kulisha, bei ya bastola unailipa mara moja ila risasi utanunua maisha yako yote, na .40 huko kwenu kwa kawaida ni ghali kuliko 9mm.

Najua utanirudishia ile hoja ya 2020, kwamba 9mm zilipopotea madukani .40 bado zilionekana onekana kwenye rafu. Ni kweli, sikubishii. Ila hela ya hiyo bastola si ununue 9mm sasa hivi wakati zipo, uweke akiba, ikija shida nyingine unayo.

Na kitu kinachonitia hofu kabisa ni kuchanganya. Risasi ya 9mm ikiingia kwenye .40 inaweza kushikiliwa pale nyuma na ikafyatuka, ganda linapasuka ndani maana chemba, pale risasi inapokaa, ni pana kuliko yenyewe. Watu wawili, meza moja ya renji, maboksi mawili yanayofanana, Mangi hapana. Ukija kuinunua hata hivyo basi siku ya .40 iwe siku ya .40 tu, 9mm zibaki kwenye sefu nyumbani.

Ila kama mkono unawasha kweli, tafuta rivolva ya .357 Magnum. Hiyo inapiga na .38 Special zako ulizonazo, kipenyo ni kimoja, ganda la .357 limezidi tu urefu milimita 3 na kitu, kwa hiyo unaongeza nguvu bila kuanza stoo mpya. Kinyume chake usijaribu, ile ya .38 haikujengwa kwa presha ya Magnum. Na ukipiga .38 nyingi safisha chemba vizuri, unabaki uchafu wa duara mbele ya ganda na .357 zitakuwa zinaingia kwa shida.

Baada ya hapo ukitaka kitu cha kuweka kwa kupenda historia, hapo .45 nakuunga mkono. Bastola aliyoibuni John Browning, jeshi la Marekani liliibeba kama silaha yake rasmi toka 1911 mpaka 1985, risasi nzito ya gramu karibu 15 inayotembea polepole, presha yake ndogo kuliko ya 9mm, teke lake linasukuma tu halichapi. Hiyo hata ukipiga boksi moja kwa mwaka moyo unaridhika. .40 sijui utaipendea nini.

Kwa hiyo usitoe hela bado. Huyo muuzaji muulize kama ana .357 ya mtutu wa inchi 4, nitumie picha ya silinda na ya mtutu kwa ndani, nitakujibu usiku huo huo nikitoka kazini.

Wasalimie wote,
Mshkaji wako wa Ngaramtoni