Mlizomea palipo sawa, mkashangilia palipokosewa

Mhariri,

Kwa wiki nzima ukurasa wako wa barua umejaa hasira juu ya sehemu ya sita ya ile tamthilia ya upelelezi, ile ya maiti iliyokutwa sebuleni huku redio bado inaimba. Ukizipanga barua hizo utaona malalamiko ni matatu tu. La kwanza, mkaguzi wa eneo la tukio alilitia shati lenye damu mbichi kwenye mfuko wa karatasi, kama mtu aliyekosa vifaa. La pili, maabara ilikaa na vielelezo wiki tatu. La tatu, na ndilo lililowaka kuliko yote, inspekta alimwachia mtuhumiwa akaenda zake, ilhali vinasaba vyake vilikutwa kwenye glasi mezani. Barua hizo hizo zinammwagia sifa daktari aliyechuchumaa, akamgusa marehemu shingoni kwa vidole viwili, akatangaza: "Amekufa saa nne na robo usiku."

Sisi ambao kazi yetu ni kukusanya na kupima vielelezo tunaona kinyume. Shati, zile wiki tatu na kuachiwa kwa mtuhumiwa ndivyo vitu ambavyo mwandishi wa tamthilia alivipatia. Saa nne na robo ndiyo aliyoikosea, tena vibaya.

Tuanze na shati. Damu mbichi ikifungiwa kwenye nailoni, unyevu haupati pa kutokea. Ndani ya muda mfupi bakteria na ukungu wanastawi humo, na chakula chao ni hicho hicho unachokitafuta. Vinasaba vinakatikakatika vipande vifupi hadi mashine haina cha kusoma. Karatasi inapumua. Ndiyo maana shati hupigwa picha kwanza pale lilipo, rula ikiwa pembeni, kisha huinuliwa kwa glavu mpya na kulazwa juu ya karatasi safi. Kama lazima likunjwe, karatasi nyingine huwekwa katikati ya mikunjo ili doa la kifuani lisijichape mgongoni, maana umbo la doa nalo ni ushahidi. Likifika ghalani hutundikwa likauke lenyewe katika joto la kawaida la chumba, mbali na jua na mbali na hita. Chini yake hutandikwa karatasi ya kudaka nywele au chembe zitakazodondoka, na karatasi hiyo nayo hutunzwa kama kielelezo. Likishakauka huhamishiwa mfuko mpya wa karatasi, mdomo hukunjwa na kubandikwa utepe, na aliyelifunga husaini juu ya utepe wenyewe, nusu ya saini kwenye utepe na nusu kwenye mfuko. Utepe ukibanduliwa, saini haikutani tena.

Nailoni ina nafasi yake. Nguo inayochuruzika damu inaweza kuwekwa humo kwa safari tu, mdomo ukiwa wazi, na isizidi saa mbili hivi. Kwa upande mwingine, masalia ya moto yanayoshukiwa kuwa na petroli ukiyatia kwenye karatasi umeyapoteza, kwa sababu mvuke wa petroli unatoroka. Hayo hufungwa kwenye kopo la chuma lenye mfuniko unaobana. Kwa hiyo mfuko hufuata kielelezo, na yule kijana wa kwenye tamthilia aliujua mfuko wake.

Ajabu ni kwamba katika onyesho hilo hilo kulikuwa na kosa, na hakuna msomaji hata mmoja aliyelitaja. Baada ya shati, kijana yule aliishika glasi kwa glavu zile zile. Na inspekta alisimama juu ya doa la damu kwenye zulia, akiongea muda wote bila barakoa. Mtu akiongea anatema mate madogomadogo yasiyoonekana, na kila tone limebeba seli zake. Glavu hazimkingi mvaaji peke yake. Kielelezo ndicho hasa kinachokingwa, na kila kielelezo kina glavu zake.

Kwa nini tunalikazania hili? Kwa sababu ya jinsi kipimo chenyewe kinavyofanya kazi, na hapo ndipo zinapoingia zile wiki tatu. Doa kavu hufutwa kwa kijiti cha pamba kilicholoweshwa tone la maji yaliyotakaswa, kisha kijiti cha pili kikavu hupita pale pale kuokota kilichobaki. Maabara hukata ncha ya pamba na kuiloweka kwenye kimeng'enya katika nyuzi 56, mara nyingi kwa saa kadhaa, ili seli zipasuke. Vinasaba hutenganishwa na uchafu. Kisha hupimwa kiasi, kwa sababu mashine inayofuata hutaka takriban nanogramu moja au pungufu ya hapo, yaani mzigo wa seli mia moja na hamsini hivi. Ukiiletea nyingi mno inavurugika, na ukiiletea chache mno inatoa picha yenye mapengo. Halafu ndipo vinarudufishwa kwa kupashwa joto na kupozwa mizunguko 28 au 30, na kila mzunguko unazidisha nakala mara mbili. Kwa hesabu tupu, nakala moja kwa mizunguko 28 huzaa zaidi ya milioni 268. Sasa fikiria tone la mate la inspekta limo humo. Mashine haijui nani ni inspekta na nani ni muuaji; inawarudufisha wote kwa bidii ile ile.

Ujerumani walilipia somo hilo. Kwa miaka kadhaa, hadi 2009, polisi walimsaka mwanamke ambaye vinasaba vyake vilikutwa katika matukio yapatayo 40, kuanzia wizi hadi mauaji ya askari mjini Heilbronn mwaka 2007. Mwanamke huyo hakuwa mhalifu. Alikuwa mfanyakazi wa kiwanda kilichotengeneza vile vijiti vya pamba. Vijiti vilikuwa vimeuliwa vijidudu kama inavyotakiwa hospitalini, lakini kuua vijidudu hakufuti vinasaba. Mwaka 2016 kikatolewa kiwango cha kimataifa, ISO 18385, kwa ajili ya vifaa vya namna hiyo.

Ukijumlisha hatua zote, pamoja na usomaji wa mwisho kwenye mirija myembamba ya umeme, kazi ya mezani ni kama siku mbili ikiwa sampuli ni nzuri. Kinachokula wiki ni foleni, kurudia sampuli iliyotoka na mapengo, kutenganisha mchanganyiko wa watu wawili au watatu kwenye doa moja, na mtaalamu wa pili kuipitia ripoti kabla haijasainiwa. Msomaji mmoja aliandika kwamba ziko mashine zinazotoa jibu kwa dakika 90. Kweli zipo. Zimetengenezwa hasa kwa ajili ya kijiti kilichosugua ndani ya shavu la mtu mmoja anayejulikana, chenye seli tele na safi. Doa la zamani kwenye zulia lililokanyagwa na familia nzima ni habari nyingine.

Basi mtuhumiwa kuachiwa. Vinasaba vyake vilikuwa kwenye glasi, sawa. Lakini tamthilia yenyewe ilituonyesha, dakika za mwanzo, kwamba alikuwa mgeni wa mara kwa mara katika nyumba ile. Kipimo kinaweza kusema, kwa uzito mkubwa sana, kwamba seli zile ni zake. Hakisemi ziliingia lini. Hakisemi zilifikaje, kwa kunywa au kwa mkono wa mtu mwingine aliyeshikana naye mkono muda mfupi kabla. Glasi haikuwa na damu, na shati, ambalo ndilo lilikuwa na damu, majibu yake yalikuwa hayajaja. Inspekta angempeleka mahakamani na glasi peke yake, wakili wa utetezi angeuliza swali moja tu, "Mara ya mwisho glasi hii ilioshwa lini?", akakaa chini. Kwa maoni yetu hilo ndilo onyesho bora kuliko yote tangu tamthilia hii ianze.

Na wanaodhani vinasaba vipo kwa ajili ya kumfunga mtu wakumbuke vilianzaje. Alec Jeffreys wa Chuo Kikuu cha Leicester, Uingereza, aliigundua mbinu hiyo mwaka 1984. Ilipotumika kwa mara ya kwanza katika kesi ya mauaji, ya wasichana wawili waliouawa mwaka 1983 na 1986, kazi yake ya kwanza ilikuwa kumtoa kijana wa miaka 17 ambaye alikuwa amekiri kosa moja. Vinasaba vilionyesha muuaji wa wote wawili ni mtu mmoja, na si yule kijana. Muuaji halisi alikamatwa mwaka 1987, na hakukamatwa na mashine: alikuwa amemwomba mfanyakazi mwenzake atoe damu kwa jina lake, na maneno yakavuja.

Sasa tuje kwa daktari na vidole vyake viwili. Hapa tutakaa kidogo, maana ndipo mlipopiga makofi.

Kugusa ngozi hakumwambii mtu lolote zaidi ya kwamba ngozi imepoa. Joto linalopimwa ni la ndani kabisa ya mwili, kwa kipimajoto kirefu kinachoingizwa kwenye njia ya haja kubwa, na huachwa hadi namba itulie. Joto la chumba nalo hupimwa, karibu na mwili, kabla mtu hajafungua dirisha. (Katika tamthilia dirisha lilifunguliwa sekunde tano baada ya polisi kuingia, kwa sababu ya harufu. Harufu hiyo ilitoka wapi kwa mtu aliyekufa usiku ule ule, hatujui.) Kama kuna dalili za ubakaji, vijiti vya pamba hutangulia na kipimajoto hufuata, la sivyo kipimajoto kinaharibu ushahidi.

Tuseme kipimajoto kimesoma nyuzi 31 saa nane usiku. Mtu hai ana takriban nyuzi 37, kwa hiyo zimepotea 6. Mwili hupoa kwa nyuzi kati ya 0.8 na 1.5 kwa saa, kutegemea unene, nguo, upepo na sakafu alipolala. Ukichukua 1.5, alikufa saa nne zilizopita, yaani saa nne usiku. Ukichukua 0.8, ni saa saba na nusu zilizopita, yaani saa kumi na mbili na nusu jioni. Na hapo hatujahesabu kwamba mwanzoni mwili huchelewa kuanza kupoa, wala kwamba marehemu huenda alikuwa na homa. Hata ile chati ya Henssge, inayoingiza uzito wa mwili na joto la chumba na ambayo madaktari wengi huitegemea, katika hali nzuri huacha nafasi ya saa 2.8 kabla na saa 2.8 baada. Robo saa haimo.

Kukakamaa husaidia kwa kukisia tu. Huanza kuonekana saa mbili hadi nne baada ya kifo, kwanza taya na uso, hukamilika kama saa kumi na mbili baadaye, kisha hulegea polepole siku ya pili. Joto kali huharakisha yote hayo, baridi huyachelewesha. Rangi ya damu iliyotuama upande wa chini ina faida nyingine ambayo tamthilia ingeweza kuitumia vizuri: ikishaganda mahali pake, ukimgeuza maiti haihami, na hivyo humsema aliyemsogeza.

Kosa hili si dogo kwa sababu hadithi nzima imesimama juu yake. Mke wa marehemu aliondolewa kwenye orodha kwa kuwa saa nne na robo alikuwa kwenye mkutano. Kwa kipimajoto cha kweli, bado yumo.

Mengine tuyapitie haraka. Ile dawa iliyong'arisha ukuta kwa buluu humenyuka na chuma kilichomo kwenye damu, lakini pia na dawa ya kufulia yenye klorini. Ikiwaka inakuambia pima zaidi, haikuambii "hii damu". Mwanga wake hudumu sekunde 30 hivi na unataka giza totoro, na pale taa ya dari ilikuwa inawaka. Kompyuta ya alama za vidole haitoi jina moja lenye rangi nyekundu. Hutoa orodha ya wanaofanana, kisha binadamu analinganisha kwa macho na mwenzake anahakiki. Mnara wa simu unaonyesha upande na eneo, si nyumba. Na namba ya gari yenye nukta kumi kwenye picha ya kamera haiongezeki nukta kwa kuivuta.

Waandishi wa tamthilia wakitaka kurekebisha hawahitaji fedha zaidi. Daktari angesema tu, "Kati ya saa kumi na mbili jioni na saa tano usiku, na msinibane zaidi ya hapo," na wasiwasi wa watazamaji ungeongezeka mara mbili, kwa kuwa watuhumiwa wangebaki wanne badala ya mmoja.

Tumalizie na glasi ya pili, ile ya jikoni. Mwishoni mwa sehemu ya sita ilifungwa ndani ya mfuko wa nailoni ikiwa bado na maji, mfuko ukawekwa kwenye kiti cha nyuma cha gari. Inavyotakiwa, maji yangemiminwa kwenye chupa yake, glasi ikauke, kisha ifungwe ndani ya boksi ikiwa imeshikiliwa mdomoni na kitakoni tu ili pembeni pasisuguane na kitu. Kwa namna ilivyofungwa, alama za vidole zitakuwa zimefutika njiani na vinasaba vimeanza kuoza. Sehemu ya saba ikitoa jina la muuaji kutoka kwenye glasi hiyo, hapo zomeeni, nasi tutawasaidia.

Wasomaji wako,
Wakaguzi wa maeneo ya tukio