Mlituuzia Kijia Ambacho Hamjawahi Kukipita

Nairobi,
26 Mei 2025.

Kwa Meneja,
Idara ya Safari za Baiskeli.

Bwana/Bibi Meneja,

KUH: SAFARI YA "VILIMA NA MABWAWA", NDAKAINI NA SASUMUA, TAREHE 17 NA 18 MEI

Ujumbe wenu wa Jumatano nimeupata. Mnasema mnasikitika kwa usumbufu, kwamba hali ya hewa haimo mikononi mwa mtu, na kwamba nikisafiri nanyi tena mtanipunguzia shilingi 500. Naomba tuanzie hapo kwenye hali ya hewa, maana mimi sikulalamikia mvua hata mara moja. Mtu anayekwenda Gatanga, huko Murang'a liliko bwawa la Ndakaini, mwezi wa Mei bila kutarajia matope amekosea kalenda. Sisi tulijua. Mke wangu alibeba soksi jozi tatu.

Ninacholalamikia ni kwamba mlituuzia njia ambayo hakuna mtu wenu aliyewahi kuipita, kisha mkatupa baiskeli zisizo na breki tuipite sisi.

Tulilipa shilingi 9,500 kila mmoja, jumla 19,000, na ujumbe wa M-Pesa nimeuambatisha. Nimeambatisha pia tangazo lenu, ambalo bahati nzuri nililihifadhi kabla hamjalibadilisha. Linasema siku ya kwanza ni kilomita 28 za vijia "kandokando ya maji" katika bwawa la Ndakaini, kupita juu ya tuta na kuteremka katikati ya majani chai. Siku ya pili ni bwawa la Sasumua kule Njabini. Baiskeli za milimani zenye breki za disiki. Mwongozaji mzoefu. Chakula cha mchana.

Chakula kilikuwepo. Chapati zilikuwa nzuri, nisiwadhulumu.

Tulifika langoni mwa bwawa kabla ya saa tatu asubuhi. Mlinzi akatusalimu vizuri, akauliza ruhusa yetu iko wapi. Kijana wenu akamwonyesha tangazo kwenye simu. Mlinzi akalisoma lote, taratibu, akarudisha simu na kusema, "Hii ni picha ya bwawa letu, lakini si ruhusa yetu." Akaeleza kwamba kuingia ndani ni kwa barua, na kwamba kampuni yenu haijawahi kuomba. Sikuweza kumlaumu. Ndakaini si kidimbwi cha kufugia samaki: ni mita za ujazo milioni 70 za maji, na sehemu kubwa ya maji ya Nairobi hutoka humo, yakipitia mitambo ya kusafishia ya Ng'ethu kabla ya kuteremka mjini hadi kwenye mfereji wa nyumbani kwangu. Tuta mlilotuahidi kulipanda ni la udongo na mawe, kimo chake zaidi ya mita 60. Mtu aliyekabidhiwa kulilinda ana kila haki ya kuuliza ni nani anataka kulipitishia magurudumu.

Kinachouma ni kwamba njia ya kulizunguka bwawa ipo. Yeyote anayefuatilia riadha Kenya amewahi kusikia Nusu Marathoni ya Ndakaini. Wakimbiaji hulizunguka bwawa hilo hilo kwa barabara za nje, zenye vilima vya kukata pumzi. Hapakuhitajika setilaiti kuigundua. Palihitajika mtu wa kufika mapema wiki moja, anywe chai pale sokoni na kuuliza.

Badala yake mwongozaji alikuwa na mstari mwekundu kwenye simu. Sina ugomvi na yule kijana, na naomba asifukuzwe kazi kwa sababu ya barua hii. Alikuwa na adabu, alibeba maji ya watu wote, na tulipombana akakiri kwamba ndiyo mara yake ya kwanza kufika Murang'a. Simu yenyewe ilikuwa na chaji asilimia 11. Ule mstari aliupewa ofisini Ijumaa jioni.

Mstari huo, Meneja, ni mpaka wa mashamba mawili. Kwenye picha ya kutoka angani unaonekana kama kijia kizuri kinachonyooka hadi mtoni, nami naelewa jinsi mtu aliyekaa mezani angeupenda. Ukiwa chini pale ni upenyo wa upana wa kiuno cha mtu mzima, uliokanyagwa na wachuma majani wenye vikapu mgongoni, na unateremka moja kwa moja bila kona kwa sababu anayetembea kwa miguu hahitaji kona. Udongo ni ule mwekundu wa nyanda za juu, ambao ukilowa huwa sabuni kwenye mteremko na gundi kwenye tairi. Mito ya Thika, Githika na Kayuyu ndiyo inayolijaza bwawa, na kila kijito kinachoingia humo kimejichimbia bonde lake. Kwa hiyo ukisikia "vilima" huko Ndakaini, jua ni kushuka hadi majini na kupanda tena, kushuka na kupanda. Hapo ndipo breki zinapohitajika.

Nilianza kushuka wa pili. Hatua kama ishirini hivi, nikaminya breki ya nyuma, mkono wake ukaja hadi ukagusa usukani. Nikaminya ya mbele. Nikasikia chuma kikikwaruza chuma, sauti ya sufuria linalosuguliwa kwa kijiko, na baiskeli haikupunguza mwendo hata kidogo. Chini niliona mto na hapakuwa na daraja. Nikachagua kuanguka kushoto. Majani chai ya watu yalinipokea vizuri kuliko nilivyostahili, ila mkono wa kulia ulitangulia kwenye jiwe. Mke wangu alikuwa juu akipiga kelele kwa sauti ambayo sijaisikia tangu mtoto wetu wa kwanza alipozaliwa.

Mwenye shamba alitoka. Alihesabu vichaka vitatu vilivyovunjika, akatazama mkono wangu, akanyamaza. Tulimwomba radhi na kumlipa. Hiyo siwadai, kwa kuwa mwili ulioangukia vichaka vyake ni wangu. Lakini alituuliza swali ambalo nawapelekea ninyi: nani aliwaambia watu kwamba shamba lake ni barabara?

Tulisukuma baiskeli hadi sokoni, ambako fundi ana kibanda cha mabati na pampu moja. Akaigeuza baiskeli kichwa chini, akazungusha gurudumu, akachomoa kile kilichobaki cha raba za breki na kukiweka kiganjani mwangu. Vipande viwili, vyembamba kama ganda la njugu, chuma kikichungulia katikati. Breki za disiki mlizotangaza hazikuwepo. Zilikuwa za raba za kawaida, kama za baiskeli ya kubebea mitungi. "Hizi hazikuisha leo, mzee," akasema. Akachungulia ya mke wangu, akatikisa kichwa, akazifungua pia. Raba mpya za baiskeli zote mbili, pamoja na kazi yake, shilingi 350.

Naomba muisome tena hiyo hesabu. Mlipokea shilingi 19,000 kutoka kwetu wawili, na kilichokosekana ili mkono wangu usiteguke ni shilingi 350 na mtu wa kuminya breki kabla baiskeli hazijapakiwa kwenye gari.

Mchana kitambaa cha bandeji kilikuwa kimekwishafungwa, na kwa kweli tungerudi nyumbani. Aliyetuokoa ni mama mmoja aliyekuwa ameketi nje ya kituo cha kupimia majani, akingojea zamu yake ya mizani. "Mnatafuta wapi, wanangu?" Tukamwambia tulitaka tu kuliona bwawa. Akacheka, akatuelekeza kwa mkono: mpite nyuma ya kanisa, mfuate barabara ya gari la majani, msishuke popote hadi mwone mikaratusi mitatu.

Ni barabara ya murram inayofuata bega la kilima, pana, isiyo na mteremko wa kuua mtu. Hata mimi niliimudu kwa mkono mmoja na nusu, polepole. Kwenye ile mikaratusi ukungu ulikuwa umeanza kupanda, na bwawa likatokea kipande kipande: kwanza ukingo wa udongo mwekundu, halafu maji yenye rangi ya chuma, halafu vidole vya maji vikiingia kwenye kila bonde, na majani chai yakishuka vilima vyote kwa usawa kana kwamba yamekatwa kwa mkasi mmoja. Tulikaa pale karibu saa nzima bila kusema neno. Kijana wenu alipiga picha nyingi, na nimeona mmoja wenu ameshaipandisha moja kwenye tangazo jipya. Naomba muelewe kwamba picha hiyo ilipigwa mahali ambapo ramani yenu haifiki.

Kuhusu Jumapili nitasema machache. Saa kumi na moja alfajiri mlituma ujumbe kwamba Sasumua imeahirishwa "kwa sababu zisizozuilika". Hamkutaja tarehe nyingine wala kurudisha pesa.

Ninachotaka ni hiki. Mnirudishie shilingi 19,000 zote, pamoja na 4,200 za picha ya eksirei na dawa, na 350 za fundi, jumla 23,550. Mliondoe tangazo la njia ile hadi mtu wenu aipite mwenyewe, kwa baiskeli yenu, akiwa na barua ya ruhusa ya bwawa na amezungumza na wenye mashamba. Na mnijibu kwa maandishi ni nani hukagua breki zenu, na mara ya mwisho alizikagua lini. Lile punguzo la 500 bakini nalo.

Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mteja haki ya huduma yenye ubora unaofaa, ya kupewa habari anazohitaji ili anufaike nayo kikamilifu, ya kulindwa afya na usalama wake, na ya kulipwa fidia akipata hasara. Nawapa siku 14 kuanzia leo. Zikipita, faili hii itakwenda Mahakama ya Madai Madogo, ambayo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, langu halijakaribia.

Zile raba kuukuu ninazo kwenye bahasha. Helmeti yenu moja, ya bluu, ilibaki pia kwenye begi la mke wangu. Nitaileta ofisini siku yoyote ya kazi baada ya saa kumi jioni, na nitaomba risiti.

Wako mwaminifu,
Mteja wa kundi la Jumamosi, tarehe 17 Mei.