Tumwandikie Tena

Wete, Pemba

Shoga yangu mpenzi,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Ama baada ya salamu, sie huku wazima sote, ila mama na baridi ya kusi hawapatani, miguu inamsumbua. Ujumbe wako wa sauti ulinifika Jumapili. Dakika tisa! Niliusikiliza jikoni napepea mkaa, nikausikiliza tena usiku watoto walipolala, nikaona jibu lake siliwezi kwa simu. Basi nimekaa na daftari. Barua atakuletea shemegi yako, anapanda boti Alhamisi.

Unasema umeshaamua kuandika, lakini hulijui lengo lako, na mpaka ulijue huwezi kuanza. Kisha hapo hapo, bila hata kumeza mate, ukanitajia malengo matatu: riwaya ya kurasa 300 kwa miezi sita, tuzo, na siku moja ufike alipofika Gurnah, yule mwandishi. Nilicheka, usinune. Mie mwenzio nilipoanza nilikuwa nimeshachagua mpaka baibui la kuvaa siku ya kupokea tuzo.

Tuanze na huyo Gurnah, maana wengi siku hizi wanamtaja kama mtu aliyeokota lulu ufukweni. Kazaliwa hapo hapo Unguja, 1948. Kaondoka kijana, baada ya Mapinduzi, akaenda Uingereza. Riwaya yake ya kwanza imetoka 1987, mwenyewe anakaribia arobaini. Tuzo ya Nobel ya fasihi imemfika 2021. Piga hesabu: miaka 34 tangu kitabu cha kwanza. Mtu haamki kwenda mezani miaka yote hiyo kwa ajili ya simu ya kutoka Sweden asiyoijua kama itapigwa, na ilipopigwa alidhani anataniwa. Kulikuwa na kitu kingine kinachomwamsha.

Na jambo jingine, hili nalisema kwa sauti ya chini. Riwaya yake ya Paradise, kwa Kiingereza, ilitoka 1994. Kwa Kiswahili tumeipata 2022, ikiitwa Peponi. Miaka 28 nzima, asiyejua Kiingereza hapa Wete alikuwa akisikia tu kwamba yuko mtu wetu huko mbali anaandika habari zetu. Simlaumu, yeye aliandika kwa lugha aliyojikuta nayo alipo. Ila nataka ujiulize weye: akikaa mtu mbele yako na karatasi zako mkononi, ni nani huyo?

Kuna kisa sijapata kukusimulia. Ile nyumba yenye mshelisheli, jirani na kwetu, zamani akikaa bibi mmoja, alikufa kabla hujaanza kuja Pemba. Mwanawe wa pekee alikuwa Maskati. Mwaka 1991 mie nipo darasa la tano, na kwa kuwa hati yangu ilisomeka, nikawa ndiye karani wake. Msimu wa karafuu ananikalisha uani juu ya jamvi, yeye anachambua karafuu na makonyo, mie na kalamu. Ujira wangu vitumbua viwili. Siku akiipenda barua, vitatu.

Barua ya kwanza niliianza kama tulivyofundishwa skuli: "Natumai barua hii itakukuta u buheri wa afya kama mimi nilivyo, ama dhumuni la barua hii..." Nikamsomea kwa madaha, nikingoja sifa. Akaacha kuchambua. "Nani asemaye hivyo humu ndani? Mwanangu akisoma haya atadhani nimekufa, kaandika sheha."

Tukaanza upya, karatasi mpya, na karatasi za barua za ndege wakati ule hazikuwa za kuchezea.

Alichokitaka ni kimoja tu, mwanawe arudi. Lakini hakuniruhusu kuliandika neno hilo hata mara moja. "Mwambie mkarafuu wa baba'ke, ule wa kisimani, mwaka huu umezaa mpaka matawi yameinama. Mwambie hakuna wa kuupanda." Nikamuuliza, sasa niandike "uje"? "Usiandike. Andika mkarafuu." Nikaandika mkarafuu. Akaongeza kwamba zimeshaanza kuwiva wekundu, na zikifunguka juu ya mti ndiyo basi tena. Nilikuwa na miaka kumi na moja; nilidhani tunazungumzia karafuu.

Jibu lilikuja baada ya mwezi na zaidi, barua ya mkononi na pesa ndani: awalipe wachumaji. Nikamsomea kwa furaha. Yeye alizikunja zile noti, akazifunga kwenye pindo la kanga, akanyamaza mpaka pishi nzima ikaisha kuchambuliwa. Kisha akasema, "Basi tumwandikie tena."

Sijapata darasa la uandishi lililolipita hilo. Yule bibi hakujua alifu kwa kijiti, lakini hakukaa chini kwanza akalitafuta lengo lake. Lengo lilikuwa Maskati, lina jina, na lina masikio mazito. Kazi yake ilikuwa kutafuta maneno yatakayopenya, na yasipopenya, kutafuta mengine. Kama mwanawe alirudi? Alirudi, baada ya misimu mitatu, akaoa Chake Chake. Sijui kama ni barua au ni mambo yake mwenyewe. Mama anasema ni deni.

Mie nilimsahau bibi huyo kwa miaka mingi. Mswada wangu wa kwanza, ule ambao hukuuona na hutauona, ulikuwa wa matajiri wa Dubai, maghorofa na magari, na mie wakati ule nilikuwa sijavuka hata hapo Mkoani kwenda mjini kwenu. Niliuandika kwa ajili ya shindano moja. Nikaupeleka, nikakosa, wala sikupata barua ya kuambiwa nimekosa. Miezi kumi na moja sikushika kalamu. Kumbe nilikuwa nimelitia lengo langu mikononi mwa watu nisiowajua, nao wakalitia kwenye mtoto wa meza, wakaenda zao kula.

Sisemi usishindane. Peleka! Iko ile tuzo iliyoanzishwa 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, siku hizi yaitwa Safal-Cornell, inapokea hata miswada isiyochapwa. Iko na ya Mwalimu Nyerere. Lakini hiyo ni posta, shoga. Unaipelekea ulichokwisha kuandika, hukai huko. Hapa Pemba petu washairi wa kale, Kamange na Sarahani, walitunga bila ya tuzo yoyote. Watu waliwahifadhi vifuani na kwenye makaratasi, na 2011 kikatoka kitabu kizima cha tungo zao, wenyewe washakuwa udongo zamani. Na Haji Gora Haji, mshairi wetu mzee wa Tumbatu, alikuwa mvuvi na baharia. Nikilalamika kwamba mie sina nafasi ya kuandika kwa sababu ya kuchota maji na kusahihisha madaftari ya wanafunzi, namkumbuka yeye, naona haya kidogo. Kidogo tu, maana yeye hakuwa akipika.

Sasa kurasa zako nne ulizonitumia. Nimezisoma mara mbili. Jua lako limezama mara tatu katika kurasa nne, na sikulijali hata mara moja. Halafu huyo bibi wa Micheweni uliyemweka mle, anazungumza kama mtangazaji wa taarifa ya habari! Bibi yako mzaa baba ndivyo alivyokuwa akisema? Najua ulikulia Jang'ombe, huko mjini Unguja, najua watoto walikucheka skuli kwa neno moja la Kipemba, ukalifunga na mengine yote kwenye bahasha. Lakini Kiunguja cha mjini kilichaguliwa na mkutano tu, Mombasa, 1928, kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Hakikushuka kutoka mbinguni. Andika masimulizi yako kwa usanifu upendavyo, na kamusi ya BAKIZA, Baraza la Kiswahili la Zanzibar, iwe karibu nawe. Bibi mwache aseme kwa mdomo wake.

Ila kuna mahali nilisimama. Ukurasa wa tatu, katikati, umepita haraka kama mtu anayekimbia mvua: "Mama alifunga duka kwa kamba ya kiatu cha marehemu baba." Nikarudi nikasoma tena. Kwa nini kamba? Kufuli lilikwenda wapi? Kiatu kilichobaki kinakaa wapi mle ndani, na nani anakifuta vumbi? Haya ndiyo ninayotaka kuyajua, nawe umeniacha mlangoni ukaenda kunionyesha jua. Sikwambii kwamba hilo ndilo lengo lako. Nakwambia hapo ndipo sauti yako ilipobadilika, nami nimeisikia kutoka huku ng'ambo ya maji.

Lengo langu mie nililijua nikiwa ukurasa wa 40 wa hiki ninachoandika sasa. Nilianza nikidhani naandika habari za vijana waliokwenda Uarabuni. Nikaandika, nikaandika, vijana wenyewe hawataki kusema kitu, wamekaa tu kama wageni wa harusi wasiojuana. Siku moja nikamwingiza mwanamke anayechambua karafuu, awe wa kupita tu. Hakupita. Akakaa. Ndipo nilipojua kwamba tangu mwanzo nilikuwa nataka kuandika habari za waliobaki na miti. Ningengoja kulijua hilo kabla ya kuanza, ningekuwa nangoja mpaka leo.

Hesabu zako nazo. Kurasa 300 kwa miezi sita ni karibu kurasa 12 kila wiki. Una kazi ofisini, una watoto wawili, una mama, na kila Jumapili mjini kwenu kuna harusi au khitma. Wiki ya pili utaandika mbili, wiki ya tatu utajiita mvivu, wiki ya nne utanitumia ujumbe wa dakika kumi na nane. Mie naandika kurasa tatu za daftari kwa wiki, basi. Usiku wa kuamkia Jumamosi moja, wa kuamkia Jumapili moja, na moja ninaiiba siku yoyote baada ya Alfajiri. Kurasa 120 ni wiki 40. Ramadhani siihesabu, wala wiki ya mitihani, wala siku mtoto akiamka na homa. Ukurasa ukiwa mbaya nao nauhesabu. Huu mwezi wa pili naambiwa na mume wangu kwamba nimekuwa mtu wa kununa Ijumaa nikikosa kukaa. Nikamwambia basi nisaidie kulaza watoto, na kweli anawalaza, ingawa analala kabla yao.

Usimwambie kila mtu ofisini kwamba unaandika riwaya. Watakuuliza imefika wapi, nawe utaanza kuandika ili uwajibu. Niambie mie. Mie nitakuuliza kuhusu kamba tu.

Nina ombi, na hili usilisahau. Zile daftari za jalada gumu pale Darajani, ninunulie tatu, umpe shemegi yako atakaporudi Jumatatu. Huku bei yake imepanda na karatasi zenyewe unaziona upande wa pili. Pesa nitakutumia kwa simu. Na ndani ya daftari moja nichomekee hiyo ya dukani kwa mama, hata kama ni ukurasa mmoja na haujaisha. Andika kwa mkono, usiisafishe.

Nisalimie mama sana, mwambie ile dawa ya miguu mama yangu anaitaka tena. Watoto uwabusu.

Wasalaam,
Mie shoga yako, karani wa vitumbua